CHEMCHEMI ZA MAJI MOTO: KABLA YA KUVUA VIATU



Mtu anayechota maji ya chemchemi bondeni pale Busanza, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, hana haja ya kujiuliza kama yatamchoma mkono. Maji hayo ni ya baridi, na ndivyo walivyoyakuta wazee wetu. Lakini askari huyo huyo wa Busanza akipewa likizo, akapanda basi asubuhi pale Nyabugogo na kushuka Rubavu mchana, baada ya kilometa zipatazo 160 tu, atakuta kando ya Ziwa Kivu, sehemu za Nyamyumba, maji yanayobubujika kutoka ardhini yakiwa na moto wa kutosha kubabua ngozi. Hakuna aliyekoka kuni, wala hakuna mtambo uliofichwa. Ni ardhi yenyewe inayochemsha. Wanyarwanda huyaita maji hayo amashyuza, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiyaendea kwa ajili ya maumivu ya viungo, uchovu wa mwili, na pengine kwa kuyastaajabia tu.

Siku hizi idadi ya watu wanaosafiri kwenda kuona maajabu ya namna hii imeongezeka, na miongoni mwao wamo askari, ama kwa likizo zao wenyewe ama kwa kazi ya kuwasindikiza wageni. Wengine huvuka mipaka na kuingia katika hifadhi za nchi jirani, mahali ambapo hakuna zahanati karibu, hakuna taa, na kijiji cha mwisho kimeachwa nyuma kwa mwendo wa saa nzima. Yafaa basi tueleze chemchemi hizi ni nini, na ni kwa nini mtu aliyezoea hatari za vita na za wahalifu aweza kushindwa na dimbwi la maji lililotulia.

Kwanza, kwa nini Rubavu na si Busanza? Kigali imekaa juu ya miamba ya kale sana, iliyopoa na kutulia tangu zamani zisizohesabika. Magharibi mwa nchi mambo ni mengine. Huko limepita tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lile lililobeba maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika kama shanga katika uzi mmoja. Ardhi hapo imepasuka na inaendelea kutanuka polepole. Mvua inayonyesha milimani huzama ndani ya nyufa hizo, hushuka kilometa moja, mbili, au zaidi, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopata joto. Mahali pa kawaida duniani joto la ardhi huongezeka kwa nyuzi kama 25 hadi 30 za sentigredi kwa kila kilometa ya kina. Katika Bonde la Ufa laweza kuongezeka kwa kasi zaidi. Maji yakisha kupashwa moto huwa mepesi, hutafuta ufa mwingine wa kupandia, na ndipo tunapoyaona yakitoka chini ya jiwe kama kwamba kuna jiko.

Njiani maji hayo huyeyusha miamba na kubeba madini. Mfano ulio wazi upo Mashyuza, katika bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, kusini mwa Ziwa Kivu. Maji moto ya huko hubeba chokaa. Yakifika juu na kupoa, chokaa hubaki na kuganda, tabaka juu ya tabaka. Chokaa hiyo ndiyo iliyokifanya kiwanda cha saruji cha Bugarama kijengwe pale na si penginepo. Kwa hiyo mwenye nyumba ya saruji Kigali, hata yule wa Busanza ambaye hajapata kuona amashyuza kwa macho yake, huenda amelala usiku kucha ndani ya kuta zilizoletwa na chemchemi ya maji moto.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba palipo na volkeno pana maji moto ya kutosha chini yake. Mwaka 2013 Rwanda ilichimba kisima cha kina cha takriban meta 3,000 karibu na mlima Karisimbi, ikitarajia kupata mvuke wa kuendesha mitambo ya umeme. Joto lililotumainiwa halikupatikana. Kenya imebahatika zaidi: mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kutoa umeme mwaka 1981, na mitambo ya huko imekaa ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate na hata ndani yake.

Chemchemi za Nyamyumba na Mashyuza haziko ndani ya hifadhi. Moja imezungukwa na nyumba za watu na boti za wavuvi, nyingine na machimbo ya chokaa, ingawa anayekwenda Mashyuza kwa njia ya Huye hupita katikati ya msitu wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Anayetaka kuziona chemchemi za maji moto penye pori halisi hana budi kwenda mbali zaidi. Na kati ya zote zilizo katika ukanda huu, za kufundisha zaidi ni zile za Sempaya, nchini Uganda.

Sempaya ipo katika Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, wilaya ya Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, mpakani kabisa na Kongo. Hifadhi hiyo ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 220 na ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Msitu wake ni ncha ya mashariki ya msitu mkubwa wa Kongo: miti mirefu, unyevu, na ndege wengi ambao hawaonekani penginepo katika Afrika Mashariki. Katikati ya msitu huo zipo chemchemi mbili. Wenyeji huita moja ya kiume na nyingine ya kike. Ile ya kiume, Bintente, ni dimbwi pana katika uwanja wa majani na tope, na mvuke wake huonekana kutoka mbali. Ile ya kike, Mumbuga, hurusha maji juu kwa nguvu kama mfereji uliopasuka. Hadithi ya watu wa ukoo wa Bamaga husema kwamba hapo zamani mgeni mmoja mwindaji, aliyeitwa Biteete, alioa kwao, kisha akaenda kuwinda asirudi. Mkuki wake ukapatikana kando ya chemchemi ya kiume. Mkewe Nyansimbi alikwenda kumtafuta, naye hakuonekana tena ila nguo zake kando ya chemchemi ya kike. Ukoo huo hufanya matambiko hapo hadi leo.

Msikilizaji mwenye elimu ya kisasa aweza kuicheka hadithi hii. Sisi twaona ndani yake onyo la watu waliolijua eneo lao: mtu alifika kwenye maji, akaacha silaha yake au nguo zake ukingoni, na hakurudi. Hakuna afisa wa usalama ambaye angeandika taarifa hiyo kwa ufupi zaidi.

Huko Sempaya hakuna kuoga. Maji yanachemka. Mgeni hupelekwa na mwongozaji wa hifadhi, hupita juu ya njia ya mbao penye tope, na akitaka kuthibitisha hutumbukiza mayai ndani ya maji na kuyala yakiwa yameiva baada ya dakika zipatazo 10. Yai ni kipimajoto cha bei rahisi. Lakini lipo jambo dogo ambalo wengi hawalifahamu: maji hayahitaji kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo maji yanavyochemka upesi. Kigali, kwenye kimo cha meta 1,500 na ushei, sufuria ya jikoni huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hivyo asiwepo mtu wa kusema kwamba maji yanayotoa mapovu mlimani si ya moto sana.

Na hatari haianzi kwenye kuchemka. Maji ya nyuzi 60, ambayo hayatoi hata povu moja na mvuke wake ni mwembamba, huunguza ngozi vibaya kwa muda wa sekunde 5 tu. Kwenye nyuzi 49 zahitajika dakika chache. Mtu huingia, hujisikia vizuri, hukaa, na akitoka ngozi inaanza kuvimba malengelenge. Mlevi na mtoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa wote wawili huchelewa kutoka.

Hatari ya pili ni ardhi iliyo kando ya maji. Yale madini yanayoganda hutengeneza ukoko unaofanana na sakafu. Kwa macho ni imara. Chini yake ni maji ya moto au tope linalochemka. Swala mwenye kilo 40 hupita, na askari mwenye kilo 75, pamoja na mkoba wake, huzama hadi gotini. Ndiyo maana njia za mbao zinajengwa. Katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, ambayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, iliyoanzishwa mwaka 1872, watu zaidi ya 20 wanajulikana kufa kwa kuungua katika chemchemi zake, idadi inayozidi ya wale waliouawa na dubu wa huko. Mwaka 2016 kijana mmoja alitoka nje ya njia ya mbao akitafuta dimbwi la kuoga. Aliteleza akatumbukia, na waokoaji waliporudi siku iliyofuata hawakukuta mwili wa kuzika, kwa maana maji yale ni ya moto na yana tindikali.

Hatari ya tatu haionekani wala hainuki, na inawahusu askari kuliko raia. Penye volkeno na nyufa, hewa ya ukaa hutoka ardhini. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa nusu nzima, kwa hiyo hutiririka kama maji na kujaa mabondeni na mashimoni. Watu wa Goma huiita mazuku, upepo mbaya, na neno hilo la Kiswahili cha huko limekubaliwa na wataalamu wa volkeno ulimwenguni kote, wakalitumia katika maandishi yao. Katika nchi kati ya Goma na Sake, na ndani ya Hifadhi ya Virunga, mazuku yameua mbuzi, ng'ombe, wanyama wa porini na watu. Usiku ukitulia bila upepo, hujikusanya. Kabla ya jua kuchomoza ndipo yanapokuwa mabaya zaidi. Upepo wa mchana huyatawanya.

Sasa fikiri juu ya doria inayopiga kambi. Askari amefundishwa kutafuta bonde la kujificha na upepo, kulala chali au kifudifudi, na kujiweka chini kuliko upeo wa macho ya adui. Mafunzo hayo ni sahihi kabisa kwa vita, na ni hukumu ya kifo penye mazuku. Mlinzi aliyesimama aweza asihisi lolote ilhali mwenzake aliyelala miguuni pake anakufa. Dalili ni chache: wadudu na ndege waliokufa shimoni, panya aliyelala mchana, mjusi asiyekimbia. Kiberiti kinachozimika ni dalili, lakini kiberiti kinachowaka si cheti cha usalama. Na kinyago cha kawaida cha kuzuia gesi hakifai kitu hapa, kwa sababu huchuja tu hewa iliyopo. Hakileti oksijeni ambayo haipo. Anayemwona mwenzake ameanguka bondeni asimfuate mbio. Amvute kwa kamba au kwa mti mrefu akiwa amesimama juu, la sivyo tutahesabu wawili.

Wanaodhani tumetia chumvi wakumbuke Ziwa Nyos, Kameruni. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa hiyo hiyo ya ukaa ilitoka kwa ghafla katika ziwa, ikateremka mabondeni, na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao, wengi wakiwa usingizini. Ziwa Kivu nalo limehifadhi hewa ya ukaa na methane nyingi mno katika kina chake. Kwa bahati njema imetulia, inachunguzwa na wataalamu, na sehemu ya methane yake inazalisha umeme Karongi tangu 2016.

Tukirudi kwenye chemchemi, zipo zile ambazo joto lake ni la kuogeka, na hapo watu huuliza: je, zatibu? Joto hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo kwa muda. Hilo ni kweli na mtu aliyebeba mzigo wiki nzima halihitaji kufafanuliwa. Lakini maji moto hayatibu malaria, wala kisukari, wala kidonda kilichooza. Mwenye kidonda kibichi asiingie, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine. Tena, asizamishe kichwa. Katika maji matamu yenye uvuguvugu huweza kuishi mdudu mdogo wa aina ya amiba, asiyeonekana kwa macho, ambaye akipanda puani hufika kwenye ubongo. Ugonjwa wake ni nadra sana, ila wanaoupata karibu wote hufa. Ukiyanywa maji hayo mdudu huyu hadhuru. Hatari yake iko puani tu.

Mahali pengine hatari hutoka mbali. Chini ya korongo la Hell's Gate, ambako maji moto huchuruzika kwenye kuta za miamba, mafuriko ya ghafla yaliwaua wageni mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Korongoni kwaweza kuwa kukavu huku mvua ikinyesha milimani. Mwenye kuingia korongoni atazame mawingu ya kule maji yanakotoka. Na huko Bogoria, hifadhi nyingine ya Kenya tangu miaka ya 1970, ziwa lilifurika katika miaka ya 2010 na kufunika baadhi ya chemchemi za Loburu pamoja na barabara ya zamani. Ramani ya mwaka jana, basi, siyo mwongozaji.

Akiungua mtu, la kwanza ni kumtoa kwenye joto, na hapa buti la askari hugeuka adui. Buti na soksi hushika maji ya moto na kuendelea kupika mguu. Zivuliwe mara moja, pamoja na mkanda, saa na pete, kabla ya kuvimba. Kilichogandamana na ngozi kisibanduliwe. Kisha maji safi ya baridi yamiminwe juu ya jeraha kwa muda wa dakika 20 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, siagi, majivu na barafu vyote vikataliwe, hata kama mshauri ni mtu mwenye cheo. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, mgonjwa akingwe na baridi, na apelekwe hospitali. Hapa Rwanda gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912. Porini simu haishiki, na kwa hiyo maji safi ya kupozea hubebwa tangu safari inapoanza. Madumu mawili ndani ya gari si mzigo.

Limebaki suala la sare. Katika hifadhi, mwenye amri ni mlinzi wa hifadhi, hata kama mgeni wake amevaa nyota begani. Askari aliye likizoni ni mgeni kama wengine: atalipa kiingilio, atafuata mwongozaji, ataacha silaha alikoambiwa aiache, na akivuka mpaka atavuka kwa hati zake za kusafiria, mchana, kwenye kituo cha forodha. Aliye kazini kusindikiza wageni ana dhamana zaidi, kwa kuwa raia hutazama anapokanyaga yeye. Akitoka nje ya njia ya mbao ili apige picha nzuri, kumi watamfuata. Tumesikia pia hoja kwamba polisi akisimama ukingoni anawaharibia watu starehe. Pengine ni kweli. Afadhali starehe iharibike.

Lipo pia deni tulilo nalo kwa chemchemi zenyewe. Ukoko unaovunjwa kwa kisigino umejengwa kwa miaka mingi. Sabuni, chupa na sarafu zinazotupwa ndani huziba njia za maji na kuua viumbe vidogo vinavyoishi humo, ambavyo si vya kudharauliwa. Katika chemchemi ya Yellowstone wanasayansi Thomas Brock na Hudson Freeze walipata bakteria anayestawi katika maji ya moto mkali, wakaandika habari zake mwaka 1969. Kemikali iliyotokana na bakteria huyo ndiyo iliyofungua njia ya vipimo vya vinasaba ambavyo, mwaka 2020 na kuendelea, vilitumika kupima virusi vya korona, hapa Kigali kama kwingineko. Nani ajuaye kilichomo ndani ya tope la Mumbuga?

Isisahaulike, mwisho, kwamba matembezi haya yote yana sharti moja ambalo askari analielewa kuliko mtalii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 misitu ya Bundibugyo na miteremko ya Rwenzori ilikuwa maficho ya waasi wa ADF, na hapakuwa na mwongozaji wala yai la kuchemsha. Ng'ambo ya mpaka, ndani ya Virunga, kuna chemchemi ambazo ramani huziandika May ya Moto, yaani Maji ya Moto. Ziko katika nchi iliyoumizwa na vita kwa miongo kadhaa, na mtu wa kuzitembelea kwa starehe hayupo. Kabla ya kuondoka Busanza, basi, msafiri aulize habari za usalama za wiki hiyo hiyo, amwachie mkubwa wake au jirani yake maandishi ya mahali aendako na saa atakayorudi, na aliyeachiwa maandishi hayo ajue ni saa ngapi ataanza kupiga simu.